Kipanya Hakipo

Naandika nywila. Skrini inapepesa,
inakuwa nyeusi kama mgodi wa makaa,
kisha inanirudisha palepale: jina lako? nywila?
kama bawabu aliyenisahau ningali mlangoni.
Mara ya tatu. Mara ya saba.
Nywila si mbovu. Nywila mbovu hutukanwa;
hii inapokelewa kwa adabu, inaingizwa ndani,
inatolewa kwa mlango wa nyuma.

Ostrava, Januari, theluji imekaa dirishani
na orodha ya njiwa wangu thelathini na wawili,
namba za pete, umri, rangi ya mabawa,
imo humo. Chama kinaitaka kesho kabla ya adhuhuri.

Nilikuwa mtu wa ishara kituo cha Bohumín,
miaka thelathini na mmoja.
Taa ikikataa kuwa kijani, treni hailaumiwi.
Unavaa koti, unashika kurunzi,
unaufuata waya nguzo kwa nguzo
hadi pale umeme unapokatikia.
(Koti. Tutalirudia koti.)

Vitufe vitatu kwa vidole vitatu,
nikashuka chini ya picha na madirisha,
kwenye chumba cha herufi nyeupe
ambako kishale kinapepesa bila haraka
na hakuna kinachojipamba.
Huku nywila ikakubaliwa. Basi nyumba i hai;
ni sebule tu iliyofungwa.

Nikaishuku kadi ya picha.
Nikalishuku sasisho la Jumapili,
nikamtukana aliyeliandika, nisiyemjua wala hanijui.
Nikataka kuongeza mstari mmoja
kwenye faili la mipangilio. Ikagoma kuhifadhi.
Mstari mmoja, mama wee!
Huna nafasi ya mstari mmoja?

Kumbe jibu nimelitamka mwenyewe.
Amri ya herufi mbili, na jedwali fupi likashuka:
mzizi, asilimia mia. Kilichobaki, sifuri.

Nikapima chumba kwa chumba, nani kanenepa.
Barua, hapana. Picha za njiwa, hapana,
ingawa ni nyingi, nakiri.
Ni daftari la kumbukumbu: gigabaiti kumi na tisa.
Nikasoma mkia wake:

kipanya hakipo
kipanya hakipo
kipanya hakipo

mara mia mbili kila sekunde, siku kumi na moja.
Nilikichomoa mimi, nikampa Vojtěch wa ghorofa ya pili,
nikachomeka kingine, kizuri zaidi,
na mashine sikuiambia kitu.

Siku kumi na moja.
Siku hiyohiyo Drahomíra alilipeleka kanisani
koti langu la reli, lenye vifungo vya shaba.
Hakuniuliza.
Nimemwambia juu ya supu. Nimemwambia kwenye ngazi.
Nimeuambia mgongo wake gizani, kwa maneno yaleyale,
na tangu Alhamisi hajibu,
nami nikadhani ni kiburi.

Kulimwaga daftari ni kazi ya pumzi moja.
Kazi ni kumpata mwandishi wake
na kumshika mkono, la sivyo kufikia Ijumaa
litakuwa limejaa tena. Ilinichukua hadi saa nane usiku.

Sebule ikafunguka. Njiwa wangu wa kijivu
kwenye skrini, jicho lake la chungwa, kana kwamba
hakwenda popote.
Printa ikaanza kukohoa, na ndara zikaja ukumbini.

"Imepona?"
"Imepona."
"Ilikuwa nini?"
"Kipanya," nikasema.
Sentensi ya koti ilikuwa tayari ulimini,
imenolewa, inajua njia.
Nikamsogezea kiti.

Akaketi, akachukua ukurasa wa kwanza ukiwa na joto,
akausoma kwa miwani yangu.
Namba ishirini na tisa imetoka bila rangi ya mabawa.
Wino wa buluu umekwisha.
Hilo nalo tutaliona asubuhi.